Walalao Kitalu cha Kumi na Nne

Uliona. Usije ukasema hukuona. Barabara ya Maramba umepita nayo ukienda harusini, umepita nayo ukienda msibani, umepita nayo msimu ule wa machungwa ulipofuata mzigo wa jumla. Mkono wa kushoto mikonge imesimama mistari miwili miwili, imenyooka kama imepigwa rula, halafu ghafla mistari inakatika. Pana kichaka. Mikonge mikubwa imelalia midogo, milingoti mikavu imeegemeana kama walevi, nyasi zimefika kiunoni. Ulikitazama kichaka hicho kwa muda wa kumeza mate, ukasema hawa wameshindwa kulima, ukageuza shingo.

Pale wamelala watu. Na baadhi yao ni wa kwenu.

Shamba linaitwa Kwemtindi, na kichaka kile kwenye ramani ya ofisi ni Kitalu cha Kumi na Nne. Enzi mkonge unaitwa dhahabu ya kijani, watu waliletwa hapa kwa treni na malori kutoka Kigoma, kutoka Songea, kutoka Njombe, hata ng'ambo ya Ruvuma. Waliandikishwa kwa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, na jina hilo likawaganda mpaka wajukuu. Walikata, walisomba, walisimama kwenye mashine za korona, zile za kusaga majani kutoa nyuzi, mpaka masikio yakafa. Lami unayoteleza juu yake ilitoka kwenye migongo hiyo, na shule aliyosoma baba yako ilitoka hukohuko. Na mmoja wao akifa, wenzake walipewa nusu siku ya kuzika. Nusu siku. Adhuhuri wawe wamerudi mstarini.

Ni hapo walipofanya kosa ambalo wasingelifanya watu wengine popote duniani. Misalaba ya mbao haikukaa: mchwa walikula upande mmoja, na asiye na kuni akachomoa upande wa pili. Saruji ilikuwa ya nyumba ya meneja. Basi watu wa kambi wakatafuta alama ambayo hakuna mkono utakaothubutu kuigusa, na kambini palikuwa na kitu kimoja tu cha namna hiyo, nacho ni mkonge wenyewe. Kung'oa mche wa mkonge ilikuwa ni kufukuzwa siku ileile, wewe na mkeo na sufuria zenu. Kwa hiyo kila aliyezikwa alipandiwa mche kichwani, Mkristo kwa Mwislamu. Wakaona wamemweza tajiri. Hawakukumbuka kwamba mkonge huzaa. Unakaa miaka kumi, kumi na miwili, unatoa mlingoti, mlingoti unamwaga vitoto kwa mamia, kisha mama anakauka. Kampuni ikafilisika, kambi ikatawanyika, vitoto vikazaa vitoto. Makaburi yakageuka shamba, na shamba lina mwenyewe.

Imakulata alikuwa na miaka hamsini na miwili mwezi huo wa Novemba, tangazo lilipobandikwa. Alizaliwa kambini Kwemtindi, binti wa Muha aliyekuja na namba, na tangu usichana kazi yake ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge, kwenye waya juani. Akaolewa na Mathew, mkataji. Wakapata mtoto mmoja, wakampa jina la nesi aliyemzalisha, Precious, jina ambalo bibi zake walilitamka kwa shida na kwa majivuno.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu mvua za El Nino zilipokata barabara na homa ikaingia kambini. Mama na mwana waliugua pamoja. Imakulata hakujitambua kwa siku nne. Alipofumbua macho aliuliza kama mtoto amekula. Mathew alikuwa amekwisha kumzika juzi yake.

Wiki chache baadaye kampuni ilifilisika, nao wakaondoka kambini juu ya lori lililokuwa na haraka. Walipofika usawa wa makaburi, Mathew alinyoosha kidole, akasema, "Ni pale." Pale palikuwa na miche midogo isiyohesabika, yote sawasawa. Lori halikusimama.

Miaka ishirini na sita alilibeba neno hilo moja, pale. Hakupata mtoto mwingine. Mathew alikwenda Mkwaja kutafuta maisha, akayapata kwa mwanamke mwingine. Imakulata akabaki Maramba, akikaanga maandazi karibu na stendi, na Jumapili akienda kanisani kigangoni, akikaa benchi la tatu kutoka nyuma, akichezesha midomo kwenye nyimbo ambazo zamani alikuwa akiziongoza. Hakuwa amemkataa Mungu. Alikuwa kama mtu aliyefika nyumbani kwa mwenyeji wake, akabisha hodi, akajibiwa karibu, halafu asifunguliwe.

Kila Novemba Wakatoliki huandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi na kuyaweka kikapuni mbele ya altare, na mwezi mzima yakaombewa. Wenzake walijaza karatasi mpaka nyuma. Imakulata aliandika jina moja, akaikunja karatasi mara nne. Alichotamani kilikuwa kidogo kiasi cha kuona haya kukitamka. Alitaka mahali pa kupiga magoti. Wenzake wote walikuwa na kilima cha udongo cha kupalilia, kijiwe cha kupaka chokaa, hata kama ni mbali, hata kama ni nauli. Yeye alikuwa na kidole cha mume aliyekwisha ondoka. Na chini ya tamaa hiyo kulikuwa na swali aliloliuliza kila akiwasha moto wa maandazi: mimi homa ilinibakiza kwa kazi gani?

Mwaka mmoja alimuuliza Abrahamu, katekista wa kigango, mwanamume mpole mwenye kikohozi kisichoisha.

"Mungu anajua mtoto alipo, mama," Abrahamu alimjibu.

"Basi si aniambie, katekista? Mimi sina haraka. Nimemngoja muda mrefu."

Waliokuwa karibu walicheka, wakidhani ametania.

Tangazo lilibandikwa ubaoni ofisi ya kijiji siku mbili baada ya Siku ya Marehemu Wote. Mwekezaji mpya angelima Kitalu cha Kumi na Nne mwanzoni mwa Desemba. Mwenye kaburi ndani yake afike kabla ya tarehe thelathini Novemba, asimame juu yake, ataje jina la marehemu na uhusiano wao. Kaburi lililotajwa litapigwa rangi na kuachwa. Lisilotajwa litahesabika shamba. Watu walisoma, wakasema haya mambo haya, wakaenda zao. Uliza ni wangapi kati ya waliosoma walizaliwa kambini. Uliza, uone watakavyoangalia viatu vyao.

Imakulata aliifunga meza yake ya maandazi, akaazima panga, akaenda.

Siku ya kwanza alifanikiwa kuingia hatua kumi tu. Mkonge una mwiba kwenye kila ncha, na utomvu wake ukikurukia unawasha mpaka unatamani kujichuna. Alasiri alisikia kengele ya baiskeli barabarani. Alikuwa Massoud, mzee wa Kipemba anayeleta papa mkavu kutoka Moa, mtu aliyewahi kukata mkonge hapahapa ujanani, anayejulikana Maramba nzima kwa ulimi wake.

"Shikamoo mzee Massoud."

"Marahaba. Weye wakata mkonge wa nani?"

"Natafuta mtu."

"Humo ndani? Mwite basi, atoke." Akacheka peke yake. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka, akaiegemeza baiskeli kwenye mlingoti. "Nami nina mtu humo. Mdogo wangu Haidar. Lete hilo panga, hujui kulishika, utajitoboa macho bure. Kwanza wakata ncha, kisha ndo waingia. Nani kakufunza kumfumbata adui na silaha zake?"

Basi wakawa wawili. Kila siku, kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi, walikata ncha, wakakata majani, wakafyeka nyasi, wakafika kwenye udongo. Na udongo ukawaonyesha. Mawe yaliyopangwa duara refu. Kisiki kilichooza upande mmoja, pale mkonge wa kwanza ulipopandwa kichwani. Massoud akawa akitazama kisiki na kusema, "Huyu wenu," au, "Huyu wetu."

"Unajuaje?"

"Sote twalala mashariki na magharibi, mwanangu. Ila sie kichwa huku, nyie kichwa kule. Kama watu wa kitanda kimoja waliogombana."

Imakulata alicheka, na kicheko chake mwenyewe kilimshtua.

Siku ya nne Massoud alipiga magoti. Chini ya kisiki palikuwa na kipande cha sahani ya bati, ya buluu, alichokizika kwa mkono wake mwenyewe kuwa alama ya pili, maana hakuamini alama moja. Alikaa pale muda mrefu akiomba dua, viganja wazi. Imakulata alisimama kando, wivu umemjaa. Alitarajia mzee atachukua baiskeli yake na kuondoka. Massoud aliinuka, akapangusa magoti, akasema, "Haya. Wako yuko wapi?"

Makaburi marefu Imakulata aliyapita. Aliyaomba radhi, akayapita, kwa kuwa alikuwa akitafuta fupi. Siku ya saba waliyafikia mafupi, upande wa bondeni, na mwanzoni moyo wake ulipaa. Kaburi fupi, urefu wa mikono miwili. Akaanza kulisafisha, huku Massoud akifyeka mbele yake. Kisha Massoud akaita, kwa sauti ya chini, "Imakulata. Lipo lingine."

Na lingine. Na lingine. Mpaka Jumatano ya wiki iliyofuata walikuwa wameyafichua yote. Watoto thelathini na mmoja, mistari mitatu, wamelazwa karibukaribu, visiki vimeoza kiasi kwamba hata Massoud hakuweza kusema huyu wenu au huyu wetu. Homa ile haikuchagua nyumba moja. Kambi nzima ilikuwa imezika watoto wake ndani ya mvua ile moja, nusu siku nusu siku, kisha ikapanda malori na haikuzungumza tena.

Wewe uliyekulia Tanga, kuna mtu aliwahi kukusimulia hilo?

Imakulata alitoa simu, akampigia Mathew. Hawakuwa wamezungumza kwa miaka tisa. Nyuma yake kulisikika watoto na redio.

"Mathew. Mimi Ima."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Niko Kwemtindi, makaburini. Yako mafupi thelathini na moja. Nambie, Precious ni lipi?"

Redio ilipunguzwa.

"Lilikuwa upande wa bondeni."

"Yote yako upande wa bondeni. La ngapi? Mstari upi? Jirani yake nani?"

"Ima..."

"Ulimzika wewe. Mikono yako ndiyo iliyomweka."

"Nilimweka," Mathew alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha, nyapara amesimama na saa. Nilipanda mche, nikageuka. Sikuangalia nyuma. Nilijua nikiangalia nyuma sitoki pale. Kila nikitaka kukumbuka, nauona mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yangu njiani. Nisamehe, mama Precious."

Alikuwa hajaitwa hivyo tangu kambini. Alikata simu kabla hajalia mbele ya mtu ambaye naye alikuwa akilia.

Massoud alijitia kwenda kuangalia baiskeli. Imakulata akashuka kwenye mistari mitatu. Alifikiri, mama hawezi kupotea kwa mwanawe. Nikipiga magoti, moyo utaruka. Akapiga magoti kwenye kaburi la kwanza. Moyo uliruka. Akaenda la pili. Uliruka. La tano, uliruka. La tisa, lililokuwa na kokoto nyeupe mbili kwenye duara la mawe, uliruka mpaka akashika udongo kwa mikono yote. Akaenda la kumi, nalo vilevile. Moyo wake haukuwa na macho.

Hapo ndipo alipomwambia Mungu yote. Hakutumia maneno ya kigangoni. Alimwambia kwamba yule mama aliyekwenda kaburini kwa Kristo alfajiri na asikute mwili, yeye angalau alijua kaburi ni lipi, na aliitwa kwa jina lake kabla hajamaliza kulia. Mimi je? Mimi umeniita lini? Alimwambia kwamba kujua alipo mtu na kunyamaza kuna jina lake, na jina hilo si zuri. Alisema mpaka sauti ikaisha, na upepo wa bondeni ukaendelea na kazi yake, na hakuna aliyejibu.

Wakati akisema, mikono ilikuwa ikipalilia. Ilizoea, siku kumi na zaidi sasa ilikuwa haina kazi nyingine. Alipotazama chini aliona ameling'olea magugu yote kaburi alilokuwa amelikalia, amerudisha mawe yake mahali pake, na hakujua ni la nani. Aliona vibaya kuondoka bila kusema kitu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa bila kuaga. Akasema sala ya marehemu, ile aliyokuwa akiichezeshea midomo kwa miaka, na pale pa jina akaacha nafasi. Kisha akasogea kaburi la pili. Akapalilia, akasali, akaacha nafasi. La tatu. Wanawake wa kambi walimrudia akilini mmoja mmoja, mama huyu aliyekuwa akianika singa kando yake, mama yule aliyekopeshana naye chumvi, na matumbo yao yaliyokuwa makubwa mwaka mmoja na lake. Wote walikuwa wamepanda malori. Wote walikuwa wameonyeshwa kidole.

Alipofika la thelathini na moja jua lilikuwa limepita utosi na koo lilikuwa limekauka. Haikuja sauti, wala nuru. Ila lile swali la asubuhi zote, la kubakizwa kwa kazi gani, alilitafuta mahali lilipokuwa likimchoma siku zote, na akakuta kazi yenyewe ndiyo imekaa hapo. Palikuwa na watoto thelathini na mmoja wasio na mtu, na mama mmoja asiye na mtoto, na Mungu aliyekuwa akiwatazama wote kwa muda mrefu, akingoja mmoja wao atembee.

Usidhani hamu iliisha. Hamu haikuisha. Ilipata kazi tu.

Alhamisi alikuja Edgar, msimamizi mpya wa shamba, kijana msomi mwenye buti safi, mwimbaji wa sauti ya tenori katika kwaya ya Kilutheri mjini Tanga. Aliwaamkia wote wawili shikamoo. Kwanza alimwandika Haidar, akalipiga rangi kaburi lake. Akatembea kwenye mistari mitatu, akahesabu, akavua kofia.

"Sikujua," alisema.

"Na sasa?" Massoud akamuuliza.

"Mama, lipi ni lako?"

"Sijui, mwanangu."

Edgar aliangalia faili lake, kisha barabara, kisha akasogea karibu na kushusha sauti. Hakuwa mtu mbaya, ungemwona ungempenda. "Chagua mojawapo. Naandika Precious, napiga rangi. Kwaya yetu itatoa saruji, nitaweka msalaba wa chuma na jina lake. Nani atajua?"

Kalamu ilikuwa tayari. Imakulata alitembea mpaka kaburi la tisa, lile lenye kokoto mbili nyeupe. Alikwisha lipenda. Alijiona akija hapo Jumapili na kitenge safi, akikaa, akiondoka, akirudi. Miaka aliyobakiza ingetosha kabisa. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, na alitamani kusema ndilo kuliko alivyowahi kutamani chakula.

"Na hawa wengine?" aliuliza, mgongo ukiwa kwao.

"Hawana wenyewe, mama. Fomu inataka jina."

"Chukua, mwanangu," Massoud alisema taratibu. "Mie changu nimepata. Nawe pata chako. Hakuna atakayekulaumu."

"Wewe umempata, mzee. Mimi nitakuwa nimemteua." Akanyanyuka. "Usiandike, Edgar."

"Hata la Precious?"

"Hata la Precious. Nikichukua moja nikaondoka, hawa utakuwa umewalima kwa mkono wangu. Andika wote, au acha wote."

"Wote ni majina thelathini na moja. Mimi ningeyatoa wapi?"

"Kama nikiyaleta?"

Edgar alipiga faili kwenye paja. Alifikiri mpaka Massoud akakohoa kumharakisha. "Mkileta majina thelathini na moja, ya watoto kweli, na ndugu kweli, sitauliza nani amelala wapi. Nitakizungushia rangi kipande chote. Yakipungua sina la kuwaambia wakubwa. Tarehe thelathini, jioni."

Alipoondoka, Massoud alikuna kidevu. "Twaweza kuyabuni. Hao wenye mashamba wamebuni mangapi?"

"Mzee, majina haya yatapita kwanza altareni. Nimwombee kwa Mungu mtoto wa kubuni?"

"Basi weye ni mgumu kuliko huu mkonge," alisema Massoud, na akarudi kufyeka.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya Kristo Mfalme. Matangazo yalipofika, Imakulata alitoka kwenye benchi lake la tatu kutoka nyuma, akapita katikati, akamwomba Abrahamu nafasi. Mikono ilikuwa na vidonda vya miiba, akaificha, kisha akaitoa.

"Nilizika mtoto Kwemtindi mvua za El Nino," alisema. "Sikumzika, alizikwa nikiwa sijitambui. Wako thelathini na mmoja. Tarehe thelathini watalimwa. Mimi sijui wangu ni yupi, na sasa sitaki kujua kwa njia itakayowaacha wengine. Aliye na jina, alete."

Watu walitafuta vitabu vya nyimbo ambavyo havikuhitajika. Abrahamu alikuwa amekwisha fungua mdomo kuendelea na tangazo la usafi, pale mama mmoja mzee wa mboga, Kristina, ambaye watu wote walijua hana zaidi ya watoto wanne, aliposimama kwa kushika benchi la mbele.

"Mimi ninao wawili," alisema. "Zabron na Tekla. Hata hawa wanangu hawajui." Na wanawe, watu wazima, walimtazama mama yao kana kwamba wamemwona kwa mara ya kwanza.

Mwanamume mmoja akasimama, akataja dada yake. Mwingine alimfuata Imakulata nje, nyuma ya ukuta, akamnong'oneza jina na kukimbia. Jioni, mwanamke wa Kiislamu aitwaye Mwatima alikuja kwenye meza ya maandazi, iliyokuwa imefunguliwa tena jioni hiyo, akanunua moja ambalo hakulila, akasema, "Wangu alikuwa Rahimu. Nanyi mtamwandika?" Imakulata akamwandika. Wiki ile karatasi yake haikukunjwa mara nne. Ilikuwa na Precious, na Zabron, na Tekla, na wengine watatu, saba pamoja na jina alilolileta Massoud kutoka kwa jamaa zake wa Moa. Jumanne, kwenye sala za jioni, aliibeba mpaka altareni, akaiweka kikapuni, na alipofika kwenye wimbo alikuta anaimba, kwa sauti mbovu ya mtu aliyeacha siku nyingi.

Bado ishirini na nne. Asubuhi ya Jumatano alikuwa tena bondeni, amepiga magoti, anapalilia, anasali, na mara ishirini na nne kila mzunguko anaacha nafasi pale panapotakiwa jina. Trekta limekwisha letwa, limesimama kwenye ukingo wa kitalu, jembe lake limenyanyuliwa juu.

Nafasi zile ni zako. Usitafute la kusema. Usiseme wa kwetu hawakuwa manamba, maana hilo ndilo walilokufundisha useme ili wasilie mbele yako. Una mama, una shangazi, una babu aliyewahi kupita mkongeni na hajawahi kukwambia alipita na nini. Nenda kwake leo, si Jumamosi. Kaa chini, mshike mkono, muulize: ulimwacha nani Kwemtindi? Akigeuza maneno, muulize tena. Akilia, mwache alie, kisha muulize tena. Akitaja, andika. Ulete jina hilo kabla ya tarehe thelathini, uje na jembe, na uje kwa miguu yako mwenyewe. Simama sasa.